Dodoma: Kanisa la mawe na bahasha ya kiyoyozi

Msomaji wangu mpenzi, wiki hii safu yetu imepanda treni. Si ile ya kajamba nani tuliyoizoea, ambayo ulikuwa unaagwa Dar es Salaam kama mtu anayekwenda Ulaya, halafu unafika Dodoma kesho yake shati limegeuka rangi ya udongo wa Kilosa. Nimepanda ile ya umeme, ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwezi Julai 2024. Unafumba jicho Pugu, unalifumbua Morogoro. Hujakaa sawa unaambiwa hiyo ni Gulwe. Ukichungulia dirishani unaona mibuyu imesimama mitupu, inasubiri mvua ya Desemba. Umeingia Ugogo, bwana.

Ndani ya behewa kulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alimfunika mwanawe kanga mbili. Mimi nikafunga vifungo vya koti nikajisemea moyoni, haya ndiyo maendeleo. Nje jua linakaanga, ndani watu tunatetemeka. Nani kama sisi?

Nitoe siri mapema. Ndani ya koti lile nilikuwa na bahasha nene. Kanisa nililobatizwa, kanisa la zamani la misheni kijijini kwetu upande wa Mpwapwa, lilikuwa limeunda kamati ya kulifanya liwe la kisasa. Mpango ulikuwa viyoyozi sita, madirisha ya alumini na dari ya jipsamu. Watoto wa kijiji tulioko mjini tulipigiwa simu mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nilikuwa nimekaa na rafiki zangu, na mnajua mtu akiwa mbele ya rafiki zake mdomo hauna breki. Nikajibu kwa sauti ya mwenye mshiko: "Kiyoyozi kimoja, andikeni jina langu!"

Jina la kijiji nalihifadhi. Shangazi yangu bado anaishi pale, na mimi bado nautaka mlenda wake.

MJI WA JUA

Nilishuka Dodoma saa sita mchana, mwezi wa Novemba. Anayeijua Dodoma ya Novemba hahitaji maelezo zaidi. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku upepo ni mtamu na mwezi wa Juni na Julai unaweza kutafuta sweta. Lakini mchana wa Novemba, kabla mvua haijaanza, jua linakushikia fimbo.

Mji umebadilika. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, ukalala usingizi mrefu, ukaamshwa mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sasa maghorofa yanaota kama uyoga. Mengi yamevaa vioo kuanzia kichwani hadi miguuni, na mgongoni yamebeba viyoyozi vinavyodondosha maji kwenye vichwa vya wapita njia. Kioo ndani ya jua la Dodoma! Unajenga tanuri, halafu unanunua mashine ya kulipooza tanuri lako mwenyewe.

Nilipita kando ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana, lenye matao na kuba, ambalo mgeni akiliona kwa mbali anaweza kuuliza kama ni msikiti. Dayosisi yake ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza alikuwa George Chambers kutoka Australia. Nilikaa kwenye kivuli kilichokuwa jirani nikajifuta jasho. Kijana wa bajaji akaja kuniuliza kama nakwenda popote.

"Mzee, mbona umevaa koti?" akauliza.

"Nimetoka kwenye baridi," nikamjibu.

Alinitazama kama mtu aliyekwisha kupigwa na jua kichwani.

Kesho yake nikapanda Coaster ya Mpwapwa. Tukapita Buigiri, tukafika Mbande, tukakata kulia kuelekea Kongwa. Kongwa ina somo lake, na nilikuja kulikumbuka baadaye. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na Mpango wa Karanga. Walileta matrekta, mabuldoza na wataalamu waliotaka kuikomboa Uingereza na njaa ya mafuta ya kula. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, na mvua yake haina ratiba. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, mamilioni ya pauni yamekwenda na maji. Walikuja na jibu tayari mfukoni. Swali walilisahau kuwauliza wenyeji.

Ukitoka Kongwa unafika Mpwapwa, mji wa zamani wa njia ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipumzika hapa, wakanywa maji ya kutosha, ndipo wakakabili nyika kavu ya Marenga Mkali. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa mwaka 1876, zaidi ya miaka 30 kabla reli ya Mjerumani haijafika Dodoma mwaka 1910. Kwa hiyo wale waliojenga makanisa ya kwanza huku hawakuwa na umeme, feni wala gari la kubebea saruji. Walikuwa na mawe, udongo, chokaa, miti na nguvu za mababu zetu.

JUMAPILI YA JASHO

Shangazi alinipokea kwa vigelegele. "Mbukwenyi!" akasema, nikaitikia, nikaweka mikono kichwani nibarikiwe, nikala mlenda na ugali wa uwele hadi nikalegeza mkanda. Bahasha nikampa sifa zake usiku ule ule. Hakusema kitu. Alisema tu, "Kesho tutaonana kanisani, baba."

Kanisa letu msomaji wangu si kubwa, lakini lina heshima. Kuta zake ni za mawe, na ukiingiza mkono kwenye dirisha kupima unene, kingo ya pili unaikuta karibu na bega. Madirisha yake ni marefu, ya mbao, yanafunguka yote mawili nje kama mikono ya mtu anayekaribisha mgeni. Juu, chini kidogo ya bati, kuna safu ya matundu ya hewa. Upande wa mlango kuna baraza, na upande wa magharibi ilikuwepo miembe mitatu. Sasa umebaki mmoja. Mingine miwili ilikatwa kupisha maegesho ya magari, na Jumapili ile gari lilikuwa moja tu, la mgeni.

Kamati ilikuwa imeshaanza kazi. Nusu ya mbele, kuanzia madhabahuni hadi katikati, ilikuwa imewekwa madirisha ya alumini yale ya kusukuma pembeni. Dari ya jipsamu ilikuwa imeshushwa, imefunika matundu ya hewa. Viyoyozi viwili vya mwanzo vilikuwa vinang'aa ukutani. Nusu ya nyuma ilikuwa bado ya zamani, inasubiri bahasha kama yangu.

Mimi, mfadhili, niliwekwa kiti cha mbele kabisa. Nikakaa na koti langu na tai.

Dakika 20 za kwanza zilikuwa za mbinguni. Upepo baridi shingoni, kwaya inaimba, mchungaji anatabasamu. Halafu mwalimu wa kwaya akachomeka kinanda na spika zile kubwa, na papo hapo tukasikia "tap!" kwenye meni switchi. Kimya. Viyoyozi vikafumba midomo. Taa zikazimika. Nyaya za kanisa lile ziliwekwa zamani kwa ajili ya balbu nane. Wamezibebesha mzigo wa hoteli.

Fundi akarudisha swichi. Ikaruka tena. Akairudisha mara ya tatu, pakatoka harufu ya plastiki inayoungua, na mchungaji akasema kwa upole, "Fundi, acha. Tusije tukatoa sadaka ya kuteketezwa."

Tukaendelea bila umeme. Sasa pima mwenyewe: madirisha ya kusukuma, hata ukiyafungua yote, nusu moja inabaki imezibwa na kioo. Matundu ya juu hayapo tena. Dari iko chini. Watu tumejaa. Saa tano asubuhi jua limepanda, na alumini inapitisha joto kama sufuria. Mahubiri yalikuwa ya moto wa Jehanamu, na kwa mara ya kwanza maishani niliyaelewa vizuri. Shati likanigandia. Tai ikawa kitanzi. Mbele yangu nikaanza kuona wachungaji wawili.

Nikasikia mtu ananivuta mkono. Ni shangazi.

"Baba, njoo ukae huku nyuma kwa sisi wajane. Huku kanisa bado linapumua."

Wallahi, au niseme kikwetu, Haki ya Mungu, zilikuwa hatua 15 tu. Nilipovuka ule mstari wa katikati, penye dari ya zamani na madirisha ya mbao, nilihisi kama nimetoka jikoni nikaenda kukaa barazani. Upepo unaingia kulia unatokea kushoto. Ukuta niliouegemea ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Wale bibi walikuwa wamejifunga kanga zao, wakavu kabisa, wananitazama nilivyolowa. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu kwa Kigogo na wote wakacheka. Sikuomba tafsiri.

KUKU WA LUKU

Baada ya ibada ukaja mnada. Waliozoea makanisa ya vijijini wanajua. Asiye na fedha analeta kuku, mayai, mtama au maboga, na waumini wananunua hapo nje. Siku zote nimeupenda mnada huo. Lakini Jumapili ile dalali alimwinua jogoo mwekundu akatangaza, "Huyu ni wa Luku, jamani! Tusaidiane, Luku imekata!"

Nilimnunua jogoo yule. Baadaye chini ya mwembe shangazi akafungua daftari lake. Yeye ndiye mtunza mfuko wa wajane na wagonjwa, na kila kitu anaandika kwa kalamu ya risasi. Akanionyesha kurasa tatu bila kusema neno. Tangu viyoyozi viwili viwashwe, mfuko wa wajane ulikuwa umeukopesha umeme wa kanisa mara tatu. Hakuna aliyerudisha.

"Hawa ni wawili," akasema akifunga daftari. "Wakifika sita, baba, sisi wajane tutauzwa kwenye mnada."

Msomaji wangu, bahasha ndani ya koti ikaanza kuniwasha.

FUNDI WA TEMBE

Jioni nilikwenda kumsalimu mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliobeba mawe ya kanisa lile kutoka mlimani. Mzee bado anaishi kwenye tembe, moja ya chache zilizobaki kijijini. Kwa wasioijua, tembe ni nyumba ya asili ya Wagogo. Ni ndefu na fupi kwa kimo, kuta zake ni za miti na udongo, na paa lake ni la bapa, la magogo na fito zilizofunikwa kwa udongo mzito. Niliingia saa kumi, nje bado panachoma. Ndani palikuwa poa kama asubuhi.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akanipa kigoda.

"Mjukuu wangu," akasema, "joto ni kama mgeni. Humfukuzi mlangoni. Unampokea kwa ukuta mnene, anachelewa huko huko njiani. Anapofika ndani kumeshakucha usiku, unamfungulia dirisha aende zake."

Hiyo ndiyo sayansi yote, msomaji. Wataalamu wanaieleza kwa maneno marefu, ila mzee kaimaliza kwa sentensi nne. Ukuta mzito wa mawe au udongo unalinyonya joto la mchana taratibu. Usiku wa Dodoma, ambao una baridi yake, unaupooza ukuta ule ikiwa madirisha yako wazi. Asubuhi watu wakija kusali, ukuta unaanza upya, uko tayari kunyonya tena. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda juu. Ikikuta matundu chini ya bati, inatoka, na hewa mpya inaingia chini kupitia madirishani. Mwembe wa magharibi unakinga jua la alasiri lisipige ukuta. Kila kitu kina kazi yake. Ukiziba tundu moja umeiharibu mashine nzima.

"Sasa kwa nini waliziba matundu?" nikamuuliza.

"Popo," akajibu.

Na kweli. Popo walikuwa wanaingia usiku, wanachafua madhabahu. Kosa halikuwa la kamati peke yake. Walikuwa na tatizo la kweli. Ila dawa ya popo ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, ambao hewa inapita na popo hapiti. Wao walimfungia popo nje na hewa pia.

Mzee akaniongezea jambo jingine. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa na udongo zinataka kupumua. Ukizipiga plasta ngumu ya saruji nje na ndani, unyevu unakosa njia ya kutoka, unajificha ukutani, na baada ya masika kadhaa plasta inavimba na kubanduka na kuchukua sehemu ya ukuta. Akanionyesha kona moja ya kanisa kwa fimbo yake. Plasta yake ilikuwa mpya, na tayari imetoa ufa.

HESABU YA PENSELI

Usiku huo niliketi na binamu yangu mdogo, aliyesomea umeme wa majumbani, tukapiga hesabu. Kiyoyozi kimoja cha kupoozea ukumbi kinaweza kula kilowati mbili. Viyoyozi sita ni kilowati 12. Ibada ya saa tatu ni uniti 36, Jumapili moja, bado mazoezi ya kwaya na vikao. Feni moja ya juu inakula kama wati 60. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unazungusha feni zaidi ya 30. Balbu ya LED ya wati 10 inatoa mwanga unaokaribia balbu ya zamani ya wati 60. Hayo si mambo ya kuajiri mtaalamu kutoka nje.

Tukageukia hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto duniani. Hapa niseme ukweli. Kanisa moja la kijijini Ugogo ni tone tu baharini. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwenye maji na gesi asilia, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza nguvu ya maji kwa kishindo. Lakini kamati ilikuwa imepanga pia jenereta la dizeli, na kila lita ya dizeli unayochoma inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Na kuna saruji. Viwanda vya saruji peke yake vinatoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani kote. Ukibomoa kanisa la mawe lililosimama tayari ili ujenge jipya la saruji, umeshatoa moshi mwingi kabla hujawasha taa ya kwanza. Jengo lililo rafiki zaidi wa mazingira mara nyingi ni lile ambalo babu alishalijenga.

Wala tusidhani maji hayaishi. Bwawa la Mtera, kusini mwa mkoa huu kwenye mto Ruaha Mkuu, lina mitambo ya megawati 80 iliyoanza kazi mwaka 1988. Waliokuwepo miaka ya 1990 wanakumbuka mvua ilipogoma, Mtera ikapungua, nchi nzima ikaimba wimbo wa mgao. Uniti moja tusiyoila leo ni maji yanayobaki bwawani kwa kesho.

Wenzetu nao wako mbioni. Februari 2020 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza iliamua kwamba ifikapo mwaka 2030 kanisa hilo liwe halizidishi hewa ya ukaa angani. Shida yao ni kinyume cha yetu, kwani makanisa yao ya mawe yana baridi, na kwa miaka mingi yamechoma gesi na mafuta kupasha moto dari lililo juu kama mnazi huku waumini wanatetemeka chini. Sasa wengine wanaweka vipasha joto kwenye mabenchi. Wanampasha mtu, si dari. Sisi tukigeuza somo hilo, tunapata jibu letu: mpooze mtu kwa upepo, usipooze bati. Mwaka 2015 Papa Francis alitoa waraka wake Laudato Si' kuhusu kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Hapa nyumbani Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kama askofu wa miti kwa kazi yake ya kupanda miti Kilimanjaro. Kwa hiyo hili si jambo la kizungu wala la kipagani.

KIKAO CHINI YA MWEMBE

Jumatatu wazee wa kanisa walikaa. Niliomba ruhusa ya kusema, nikapewa. Nikaweka bahasha mezani, nikasema nilikuja kununua kiyoyozi, na sasa naomba kubadilisha.

Minong'ono ikapita. Kijana mmoja wa kamati akasimama, na niseme kweli, alisema vizuri.

"Kaka, wewe unaishi mjini, unalala kwenye kiyoyozi, unapanda treni yenye kiyoyozi. Sisi ukija unatuambia upepo wa babu unatosha. Vijana wenzetu wanakwenda kwenye makanisa mapya yenye vitu vya kisasa. Tukibaki hivi, hapa watabaki wazee na popo."

Sikuwa na jibu la haraka. Alikuwa amenigusa. Ni kweli ni rahisi kumhubiria mwenzako kiasi ukiwa umeshiba. Nikamwambia, "Mdogo wangu, una haki. Nami sikatai vya kisasa. Nauliza tu nani analipa." Nikamwomba shangazi asome daftari.

Alisoma taratibu, tarehe na kiasi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasoma jina la mjane mmoja aliyeomba fedha za dawa mwezi ule akaambiwa asubiri. Palikuwa kimya hadi ukasikia njiwa juu ya mwembe. Yule kijana aliinamisha kichwa. Mjane yule alikuwa nyanya yake.

Hapo binamu yangu akatoa wazo. Alisoma mita ya Luku Jumapili kabla na baada ya ibada, pamoja na vurugu za swichi, na uniti zilizoliwa tangu viyoyozi viwashwe asubuhi kwa maandalizi zilikuwa 10. Akasema, tujaribu Jumapili moja tu. Tuondoe vipande vya dari vinavyoziba matundu, tuweke wavu, tufungue madirisha usiku wa Jumamosi, tuweke balbu za LED na feni sita, tuanze ibada saa moja na nusu badala ya saa tatu. Tukishindwa, viyoyozi vipo.

Mchungaji akakohoa. "Babu zetu walianza saa moja," akasema. "Sisi ndio tulioanza kuchelewa kuamka."

Wakakubaliana kujaribu. Bahasha yangu ikagawanywa hapo hapo. Kwanza deni la wajane likalipwa lote. Pili zikatengwa fedha za kubadilisha nyaya, maana zile zilizopo zingeweza kutuunguzia kanisa. Kilichobaki kikaenda kwenye wavu, balbu, feni na miche ya miti ya upande wa magharibi. Yule kijana wa kamati ndiye aliyepewa kazi ya kuisimamia. Nadhani ilikuwa hekima.

SIMU YA SHANGAZI

Nilirudi Dar kwa treni ile ile, nimejikunyata kwa baridi ile ile. Safari hii nilikuwa na kanga ya shangazi mabegani, watu wanicheke wakitaka.

Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ikalia.

"Baba, tumetoka."

"Mapema hivyo, shangazi?"

"Tumeanza mapema. Mita imekula uniti mbili."

"Na joto?"

"Joto lilikuja tukiwa tunaondoka. Tumepishana mlangoni." Akacheka. "Halafu yule kijana amekaa nyuma na sisi. Anasema huku mbele bado hawajaondoa dari yote."

Viyoyozi viwili bado viko ukutani, vimezimwa. Mchungaji anataka kimoja kipelekwe zahanati, kwenye chumba cha dawa. Nakubaliana naye. Dawa nyingine zinaharibika kwa joto. Mkristo wa Ugogo, mwenye ukuta mnene na dirisha lililo wazi, bado sijasikia ameharibika.

Kwa hiyo msomaji wangu, kama na kwenu kuna kanisa la zamani, au msikiti, au shule ya enzi hizo, kabla hujatoa ahadi ya kiyoyozi kwa sauti kubwa mbele ya rafiki zako, nenda kwanza ukatazame juu. Tafuta matundu ya hewa. Uliza nani aliyaziba, na kwa nini. Halafu mtafute mwenye daftari.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Jogoo wa Luku nilimwacha kwa shangazi. Naambiwa sasa ndiye anayewaamsha watu kwa ibada ya saa moja na nusu.